Flâneur na mzururaji: asili ya neno la Kifaransa na mzigo wa tafsiri yake

Wanafunzi wa fasihi na wafasiri hukutana mara kwa mara na neno la Kifaransa *flâneur*, hasa katika maandishi yanayohusu miji, uchoraji na mashairi ya karne ya 19. Swali linalofuata huwa ni lile lile: je, linafaa kutafsiriwa kwa Kiswahili kuwa *mzururaji*? Kimaumbo maneno haya mawili yanafanana kwa namna ya kushangaza. Kimaana yanakutana kwa sehemu tu. Kimatumizi mara nyingi hayakutani kabisa, kwa sababu neno la kwanza limelelewa katika vitabu na la pili limelelewa katika vituo vya polisi. Makala hii inaeleza asili ya neno la Kifaransa, inalipima pamoja na maneno jirani ya Kiswahili, kisha inaonyesha, kwa mifano kutoka Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, kwa nini uteuzi wa neno moja unaweza kumweka mtu upande wa heshima au upande wa mashtaka.

Maana na matamshi

*Flâneur* ni mtu anayetembea mjini polepole, bila safari maalumu, akitazama watu, maduka, majengo na mambo ya barabarani kwa ajili ya kuyatazama tu. Hana haraka na hana mzigo. Hatembei ili afike. Kutembea kwenyewe ndiko kufika kwake.

Neno hili lina ukoo kamili. Kitenzi ni *flâner*, yaani kutembea kwa namna hiyo. Nomino ya tendo ni *flânerie*. Mtendaji wa kiume ni *flâneur* na wa kike ni *flâneuse*. Silabi ya mwisho ya *flâneur* ina irabu isiyokuwepo katika Kiswahili: midomo huviringwa kama inayotaka kutamka *o*, ilhali ulimi hukaa mahali pa *e*. Alama iliyo juu ya herufi *a* haina budi kuandikwa katika maandishi ya kitaaluma.

Msomaji asidanganywe na masikio yake akadhani kwamba neno hili tayari limo katika Kiswahili. *Flana*, au *fulana*, ni vazi, na jina lake limetokana na kitambaa cha flaneli. Halina undugu wowote na mtembezi wa Paris. Hii ni sababu mojawapo ya kutolitohoa neno *flâneur* kwa njia ya mkato: umbo ambalo lingetokea lina mwenyewe, na mwenyewe amekwisha kuzoeleka madukani.

Asili ya neno na safari yake

Wanaisimu wa Kifaransa wanalihusisha neno hili na lahaja ya Normandia, eneo la kaskazini mwa Ufaransa lililokaliwa na watu wa Skandinavia katika Zama za Kati. Chimbuko lake ni kitenzi cha Kinoski cha kale, *flana*, kilichokuwa na maana ya kukimbia huku na huko bila kufikiri. Hapa kuna jambo la kuzingatiwa na kila anayependa kudai kwamba asili ya neno ndiyo maana yake ya kweli. Neno lililoanza kwa kutaja pupa limeishia kutaja utulivu. Kilichobaki kutoka maana ya kale ni ile *huku na huko*, yaani mwendo usio na mstari ulionyooka. Kasi yake imekwisha kutoweka.

Kwa muda mrefu *flâneur* lilikuwa neno la lawama, likimaanisha mvivu anayepoteza saa. Mabadiliko yalikuja Paris katika karne ya 19. Mwaka 1829 Honoré de Balzac, katika kitabu chake kuhusu ndoa, aliitetea *flânerie* kuwa ni aina ya elimu. Mwaka 1841 Louis Huart alichapisha kijitabu kizima cha mzaha na uchambuzi kuhusu *flâneur*, tabia zake na aina zake. Mwaka 1858 Victor Fournel akaweka mpaka ambao hadi leo ni wa msaada kwa mfasiri: *flâneur* hutazama huku akiwa ameishika nafsi yake, ilhali *badaud* humezwa na kile anachokitazama mpaka akajisahau. Kwa Kiswahili tungesema kwamba *badaud* ni *mshangaaji*, yule anayesimama kinywa wazi mbele ya ajali au mbele ya mcheza mazingaombwe.

Charles Baudelaire ndiye aliyempa *flâneur* hadhi kubwa zaidi. Katika insha yake ya mwaka 1863 kuhusu mchoraji Constantin Guys, alimfanya mtembezi huyu kuwa mfano wa msanii wa zama mpya, mtu anayekaa katikati ya umati kama mtu aliye nyumbani kwake. Baadaye, katika miaka ya 1920 na 1930, Wajerumani wawili walilichukua wazo hilo na kulipeleka mbele. Franz Hessel aliandika juu ya matembezi yake katika mji wa Berlin kitabu kilichotoka mwaka 1929, akaulinganisha utembezi na usomaji: nyuso, vibao na madirisha ya maduka ni herufi za kitabu kiitwacho barabara. Walter Benjamin, rafiki yake, alikusanya maelfu ya dondoo kuhusu Paris na vichochoro vyake vilivyoezekwa kwa vioo, vilivyojaa maduka. Alifariki mwaka 1940 bila kuimaliza kazi hiyo, nayo ikachapishwa Ujerumani mwaka 1982. Ni kupitia kwa Benjamin ndipo *flâneur* aliingia katika vyuo vikuu duniani kote na, hatimaye, katika meza ya mfasiri wa Kiswahili.

Tusisahau hali iliyomwezesha mtu huyo kutembea. Alikuwa na fedha za kutosha kutofanya kazi mchana. Alivaa vizuri. Alikuwa mwanamume. Polisi waliokutana naye walimwamkia. Utembezi wake ulikuwa uhuru, na uhuru huo ulikuwa na gharama ambayo mtu mwingine alikwisha kuilipa.

Ulinganifu wa maumbo

Tukirudi kwenye Kiswahili, tunakuta ukoo ulio sawa kabisa na ule wa Kifaransa. Kitenzi ni *-zurura*. Nomino ya tendo ni *uzururaji*. Mtendaji ni *mzururaji*. Tofauti iliyo dhahiri ni kwamba Kiswahili hakitenganishi jinsia: mzururaji ni mzururaji, awe mwanamume au mwanamke.

Kitenzi *-zurura* kisichanganywe na *-zuru*, chenye asili ya Kiarabu. Anayezuru ana mahali anapokwenda na mtu au kitu anachokwenda kukiona: mgeni huzuru nchi, waumini huzuru makaburi. Anayezurura hana mahali hapo. Wanafunzi wanaoandika *watalii walizurura Serengeti* huwa wamewavunjia watalii heshima bila kukusudia.

Kuna jambo jingine la kisarufi lenye uzito kuliko linavyoonekana. Kiambishi *-ji* mwishoni mwa nomino ya mtendaji hutaja mazoea au kazi ya mtu, na si tendo la mara moja. Msomaji ni mwenye desturi ya kusoma. Mchimbaji ni mwenye kazi ya kuchimba. Kwa hiyo anayeitwa *mzururaji* haambiwi kwamba alizurura jana usiku. Anaambiwa kwamba kuzurura ndiyo hali yake. Tendo moja limegeuzwa kuwa tabia, na tabia imegeuzwa kuwa jina. Tutaona hapa chini jinsi silabi hiyo moja inavyoweza kumgharimu mtu.

Maneno jirani

Kiswahili hakikosi maneno ya kumtaja mtu anayetembea bila haraka. Kila moja lina rangi yake, na mfasiri hana budi kuzijua rangi hizo kabla ya kuchagua.

*-tembeatembea*: Uradidi katika vitenzi vya Kiswahili mara nyingi hupunguza uzito wa tendo au huondoa shabaha yake. *Alitembea mjini* yaweza kuwa ni safari. *Alitembeatembea mjini* ni mwendo usio na lengo, wala hauna lawama. Kwa kitenzi *flâner*, hili ndilo neno lililo karibu zaidi.

*-randa* na *-randaranda*: Huku na huko, lakini kwa dalili ya maringo au ya kujionyesha. Linafaa pale ambapo mwandishi wa Kifaransa anamdhihaki mtembezi wake.

*-tangatanga*: Kutembea kwa kukosa makao au mwelekeo. Ndani yake mna huzuni. Mtu aliyefukuzwa kwao hutangatanga. Mwenye nyumba nzuri karibu na bustani hatangitangi.

*Kupunga upepo*: Kutoka nje ili kupata hewa na kuburudika, hasa jioni. Lina adabu na halimshuku mtu, ila halina ule utazamaji makini ulio kiini cha *flânerie*.

*Mpita njia*: Yeyote aliyepita. Hana hukumu juu yake, ila hana sura pia.

*Mtanashati* na *mlimbwende*: Haya yanahusu mavazi na umaridadi. Yanamfaa yule mwanamume wa karne ya 19 aliyeishi kwa ajili ya mavazi yake, ambaye wakati mwingine huwa ndiye *flâneur* na wakati mwingine siye.

*Kukaa kijiweni*: Hapa mtazamaji hatembei. Ameketi, na mji ndio unaopita mbele yake. Kijiwe cha mjini, kama baraza ya nyumba ya pwani, ni shule ya kutazama watu, na huenda ndiyo desturi yetu inayokaribia zaidi yale ambayo Baudelaire aliyasifu. Lakini neno *kijiweni* nalo limekwisha kubeba lawama: kijana wa kijiweni huhesabiwa kuwa hana kazi hata anapokuwa akisubiri kazi.

Methali zetu nazo zina pande mbili. Upande mmoja tunaambiwa kwamba *mtembezi hula miguu yake*: anajichosha bure. Upande wa pili kuna methali inayomtetea: *mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota*. Methali hii ya pili inastahili kukumbukwa tunapoingia Geita, kwa maana huko *kuokota* si sitiari.

Mzururaji mbele ya sheria

Neno *mzururaji* lisingekuwa na uzito mkubwa kama lingebaki vinywani mwa wazazi wanaowakemea watoto. Uzito wake unatokana na sheria. Mwaka 1824 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwaadhibu watu wasio na kazi wala makao. Iliwapanga katika makundi, kuanzia wale walioitwa wazembe na wakorofi hadi wale walioonekana kuwa wahuni wasiorekebishika. Makundi hayo yakasafiri pamoja na dola na kuingia katika sheria za jinai za makoloni mengi ya Afrika, Tanganyika ikiwa mojawapo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, iliyarithi katika vifungu vya 176 na 177. Katika lugha ya kila siku ya polisi na mahakama, makosa hayo yamejulikana kwa jina moja: *uzururaji*.

Upekee wa kosa hili ni kwamba hakuna kitu kilichotendwa. Mwizi ameiba, mpigaji amepiga. Mzururaji amekutwa tu: mahali fulani, saa fulani, bila njia ya kujipatia riziki inayoonekana kwa macho, na bila maelezo ya kumridhisha aliyemkuta. Hapo ndipo kiambishi *-ji* kinapofanya kazi. Kinachoshtakiwa ni hali ya mtu.

Baada ya uhuru wazo hilo halikufa; lilipata mavazi mapya. Katika siasa ya Ujamaa, kazi ilikuwa kipimo cha uraia mwema, na mtu asiyefanya kazi alihesabiwa kuwa mnyonyaji wa jasho la wenzake. Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi, na watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi walikamatwa mijini, hasa Dar es Salaam, ili wapelekwe mashambani. Mchuuzi mdogo, fundi asiye na kibanda na kijana anayetafuta kibarua walijikuta katika kapu moja na mvivu halisi, kwa kuwa kitambulisho cha kazi ndicho kilichokuwa kipimo, wala si kazi yenyewe.

Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kuhusu sheria za aina hii kwa ombi la Umoja wa Mawakili wa Afrika. Mahakama ilisema kwamba sheria za uzururaji haziendani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, wala na mkataba wa haki za mtoto, wala na itifaki ya haki za wanawake. Iliyataka mataifa yazifute au yazirekebishe. Miongoni mwa hoja zake ilikuwa kwamba lugha ya sheria hizo ni pana mno na inawaangukia zaidi maskini. Nchini Malawi, Mahakama Kuu ilikuwa imekwisha kutamka mwaka 2017, katika shauri la Mayeso Gwanda, kwamba kifungu cha aina hiyo kinakwenda kinyume cha Katiba ya nchi hiyo. Gwanda alikuwa mchuuzi aliyekamatwa alfajiri akiwa njiani kwenda kufanya biashara yake.

Kwa wafasiri wa Tanzania suala hili si la mbali. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini. Wanaozitafsiri sheria kutoka Kiingereza wanatafsiri pia dhana za mwaka 1824, na kila neno wanaloliteua litasomwa kwa sauti mbele ya mtu aliyesimama kizimbani.

Mtembezi wa ukanda wa dhahabu

Tumfikirie sasa kijana mmoja katika mji wa Katoro, mkoani Geita, saa nne za usiku. Anatembea barabarani akiwa na mfuko mdogo mgongoni. Hana nyumba mjini hapo. Jana alikuwa Nyarugusu; juzi alikuwa Rwamgasa. Akiulizwa anafanya kazi gani atasema ni mchimbaji. Akiulizwa anachimba wapi atasema bado. Je, huyu ni nani?

Ili kumjibu aliyeuliza, lazima tujue kazi ya uchimbaji mdogo inavyokwenda. Dhahabu ya Geita ilijulikana kwa wageni tangu wakati wa Wajerumani, na mgodi wa enzi za ukoloni wa Mwingereza ulifungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa, Geita Gold Mine, ulianza uzalishaji mwaka 2000. Kando ya migodi mikubwa kuna maelfu ya wachimbaji wadogo, na maisha yao hayana anwani ya kudumu. Habari ikienea kwamba mahali fulani pameonekana dhahabu, watu humiminika: hiyo huitwa *rashi*. Maduara, yaani mashimo ya uchimbaji, huchimbwa upesi. Mama lishe, wenye karasha za kusagia mawe na wauza maji hufuata. Miezi michache baadaye mwamba waweza kuwa umekwisha au umeingia maji, na watu hao hao hutawanyika kuelekea rashi nyingine. Mchimbaji asiye na duara lake huzunguka kutoka shimo hadi shimo akiomba nafasi. Malipo yake mara nyingi si mshahara bali ni mgawo wa mawe, na mgawo huja pale tu duara linapotoa. Njia yake ya kujipatia riziki ipo, ila haionekani kwa macho, kwa sababu iko chini ya ardhi na bado haijafunguka.

Kutembea, kwa mtu huyu, ni sehemu ya kazi. Anaposimama kwenye mwalo wa kuchenjulia dhahabu na kutazama wenzake wakiosha mchanga, anasoma rangi ya mchanga, idadi ya watu, bei ya chakula na sura za wanaotoka shimoni. Anapima kama mahali hapo pana uhai au pamekufa. Utazamaji wake ni makini kuliko ule wa Baudelaire, kwa maana makosa yake humnyima chakula. Kwa tendo analolitenda, ni yeye anayestahili kuitwa *flâneur*. Kwa jina analopewa, ni *mzururaji*.

Tabia ya majina kubadilika kufuatana na anayetazama ni ya zamani katika nchi hii. Katika karne ya 19 vijana wa Kinyamwezi na Kisukuma walitembea kwa miguu hadi Bagamoyo wakiwa wapagazi wa misafara ya pembe za ndovu, na safari hiyo iliwapatia heshima walipoirudia nyumba. Hakuna aliyewaita wazururaji. Mwaka 1940 John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada aliyekuwa ameizunguka nchi kwa miaka kadhaa akitafuta almasi, aliipata Mwadui, Shinyanga. Kuzunguka kwake kuliitwa *utafiti wa madini*. Mwanakijiji wa leo anayeonekana akizunguka karibu na uzio wa mgodi kwa nia ya kuokota mawe haitwi mtafiti. Mkoani Geita, mawe ya mabaki yanayotolewa migodini yana jina lake, *magwangala*, na wanaoyapekua wana utaalamu wao wa kuyatambua. Lakini yule yule anayepekua jiwe lililoruhusiwa huitwa mjasiriamali, na akivuka mpaka hatua kumi huitwa mvamizi.

Mwezi Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, wakati huo wilayani Kahama katika Mkoa wa Shinyanga, ili kupisha mgodi mkubwa. Msamiati wa tukio kama hilo unafaa kuchunguzwa na kila mwanafunzi wa lugha. Siku moja kabla ya amri mtu ni mchimbaji. Siku moja baada ya amri, akiwa amesimama pale pale na zana zile zile, ni mtu asiye na kazi wala mahali. Hakusogea. Maneno ndiyo yaliyosogea.

Hatusemi kwamba kila anayetembea usiku Katoro ana nia njema. Wanakijiji wa Shinyanga na Kahama waliounda sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa na sababu: ng'ombe wao walikuwa wakiibiwa, na mgeni asiyejulikana alikuwa tishio la kweli. Lakini kuna tofauti kati ya kumuuliza mgeni anakwenda wapi na kulichukua jibu lake, *natafuta*, kuwa ni ungamo la kosa. Mwizi ana jina lake katika Kiswahili. Tumwite mwizi tukimthibitisha, na tusilitumie neno la kutembea kuwa ghala la shuku zetu zote.

Flâneuse na mwanamke anayetembea

Wachambuzi wengi wamehoji kama *flâneuse* angeweza kuwepo katika Paris ya karne ya 19, kwa kuwa mwanamke aliyetembea peke yake barabarani alishukiwa mara moja. Mwandishi George Sand alivaa mavazi ya kiume ili aweze kuuzunguka mji bila kusumbuliwa. Mwaka 2016 Lauren Elkin alichapisha kitabu kizima kuwatetea wanawake waliotembea hata hivyo.

Kiswahili kinaiongezea hali hii ugumu wake. *Mtembezi*, neno lisilo na lawama likimhusu mwanamume, laweza kuwa tusi likimhusu mwanamke, kwa sababu *kutembea na mtu* kuna maana ya pili inayojulikana na wote. Sentensi *dada huyu anatembea sana* haisikiki kama *kaka huyu anatembea sana*. Katika maeneo ya machimbo, ambako mama lishe na wauza nguo huhama pamoja na rashi, shuku hiyo huwafuata wanawake wanaofanya kazi halali kabisa. Sheria za uzururaji zimewagusa pia kwa njia hiyo, kwa kuwa kundi la kwanza katika vifungu hivyo kihistoria limekuwa ni wanawake walioshukiwa kufanya ukahaba. Mfasiri wa *flâneuse* asiandike *mwanamke mtembezi* na kuendelea mbele. Ameandika jambo jingine.

Mapendekezo kwa mfasiri na mwalimu

1. Katika maandishi ya kitaaluma, litumieni neno *flâneur* lenyewe kwa hati ya mlazo linapotokea mara ya kwanza, pamoja na maelezo mafupi, kisha mchague neno la Kiswahili la kuendelea nalo. Mfano: *Flâneur, yaani mtembezi anayeutazama mji kwa makini bila safari maalumu, ni mhusika mkuu wa insha hiyo.*

2. Kwa kitenzi *flâner*, tumieni *-tembeatembea*. Mfano: *Alitembeatembea kando ya mto mpaka taa zilipowashwa.* Penye dhihaka, *-randaranda* linafaa zaidi.

3. Kwa nomino ya mtendaji katika fasihi, tunapendekeza *mtembezi mtazamaji*, ambalo linaunganisha miguu na macho. Penye nafasi ya ushairi, na hasa pale mwandishi anapoufuata mkondo wa Hessel na Benjamin, *msoma mji* ni tafsiri yenye uhai na halina historia ya kituo cha polisi. Linafaa pia kwa *flâneuse*, kwa kuwa halimtaji mwanamke kwa neno la kutembea.

4. Litumieni *mzururaji* pale tu ambapo matini asilia yenyewe inalaumu, kama ilivyo katika matumizi ya zamani ya Kifaransa, au pale mwandishi anapolichukua neno la lawama kwa makusudi na kulivaa kama nishani.

5. Katika habari na taarifa, litajeni tendo na si tabia. Badala ya *wazururaji 12 walikamatwa*, andikeni *watu 12 walikamatwa kwa tuhuma za uzururaji*. Sentensi ya kwanza imekwisha kuhukumu. Ya pili inaliachia shauri mahakama.

6. Darasani, wapeni wanafunzi mtu mmoja na majina sita: *mtembezi, mpita njia, mzururaji, mtafutaji, mchimbaji, mhamiaji*. Waulizeni ni nani angemwita kwa kila jina, na kwa faida ya nani. Zoezi hili hufundisha semantiki kwa haraka kuliko fasili.

Neno *flâneur* lilichukua zaidi ya miaka mia mbili kutoka kwenye lawama hadi kwenye sifa, na halikuhamishwa na kamusi. Lilihamishwa na waandishi walioamua kumtazama mtembezi kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa desturi. *Mzururaji* bado hajatazamwa hivyo. Kijana wetu wa Katoro, mfuko mgongoni, anaposema *natafuta*, ametumia kitenzi sahihi. Nomino inayotokana nacho ni *mtafutaji*, nayo imekuwepo katika Kiswahili siku zote.